Waya Usio na Tumbo

Hvammur, 14 Januari 1979

Mjukuu wangu Sólrún,

Barua yako ililetwa Ijumaa na gari la maziwa. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kwa nini sikupigii simu hapo bwenini, nahangaika na kalamu. Umekaa mjini miezi minne tu ushasahau kwenu! Laini yetu ya simu ni moja kwa nyumba tisa. Nikiuzungusha mkono wa simu hapa, Gudda wa Kinn anakuwa ameshainua mkonga wake kabla sijasema halo. Mwezi uliopita nilimweleza daktari kwamba choo kinanisumbua, na kesho yake Gudda akanitumia mfuko wa plamu kavu, dawa ya choo. Mimi sikumwambia neno, wala yeye hakuona haya. Basi ya siri tuandikiane.

Na hili lako ni la siri. Umepata tatu kwa kumi katika fizikia na hutaki mama yako ajue. Kwangu hatajua. Ila nikwambie kweli, nyumba hii haijui tatu. Mimi nilisomeshwa na mwalimu wa kuzunguka, wiki mbili kila kipupwe, vipupwe vinne, basi, na bado hakuna mtu bonde hili anayeweza kunidanganya kwa uzito wa kondoo. Vuli ishirini na moja nimekuwa mfalme wa mlima. Watu thelathini na farasi zao hunifuata kila Septemba kushusha kondoo, na nikisema hapa tunageuka, tunageuka. Kabla yangu alikuwa Ketill wa Bakki, wa ng'ambo ya mto. Yake yaliisha vibaya.

Unasema swali lililokuangusha lilikuwa la mzigo uliotundikwa kwenye waya. Mwanangu, ungeniuliza mimi! Waya wa kuvukia mto Kaldá niliutundika mimi, na sanduku lake la kubebea kondoo nililigonga mimi. Ulinyooka kama uzi wa fidla. Niletee hilo swali.

Hapa theluji imefika dirishani. Kondoo wote wazima.

Babu yako,
Ásmundur


Akureyri, 27 Januari 1979

Babu mpendwa,

Asante kwa kutonicheka. Darasani walinicheka.

Swali lenyewe lilikuwa hivi: mzigo wa kilo mia umening'inia katikati ya waya uliofungwa pande mbili, hakuna kinachosogea, kila upande wa waya unavuta kwa kani gani? Kani ndiyo jina lao la kila kinachosukuma au kuvuta. Mimi nikaandika hamsini na hamsini. Mwalimu Ísleifur akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Na pembe je?" Nikanyoosha mkono nikamuuliza, kama hakuna kinachosogea, kuna nini cha kuhesabu? Hapo ndipo walipocheka. Lakini yeye hakucheka. Alisema kutulia si kukosa kuvutwa, kitu kimetulia kwa sababu vinavyokivuta vimelingana, na kazi yetu ni kuvitafuta vyote hata visivyoonekana.

Amenipa nafasi. Nikiandika insha juu ya kitu cha kweli, si cha kitabuni, na hesabu zikawa sahihi, ile tatu anaifuta. Nimechagua waya wako, babu. Nahitaji namba tatu tu: upana wa mto pale ulipofungwa, uzito wa sanduku na vilivyokuwamo, na waya ulishuka kiasi gani katikati ulipobeba mzigo. Na kama huoni vibaya, nieleze na siku ile waya ulipong'oka. Mama hapendi kuizungumza.

Mjukuu wako,
Sólrún


Hvammur, 8 Februari 1979

Mjukuu wangu,

Namba ninazo kichwani, sihitaji daftari. Kutoka ukingo hadi ukingo ni mita sitini. Sanduku kilo arobaini, mtu mmoja themanini, kondoo dume wawili wa mwaka ule, wanono kweli, tisini kila mmoja. Jumla mia tatu. Na kushuka? Watu wa bonde la pili walikuja na farasi makusudi kuutazama waya wangu. Hata ukiwa na mzigo haukushuka zaidi ya nusu mita. Mwandikie huyo Ísleifur wako, nusu mita! Aone kama ana mwanafunzi mwingine mwenye babu wa hivyo.

Na siku ile nakueleza kama ilivyokuwa.

Waya tuliutundika watu wawili. Upande wangu ni mwamba mtupu, nikatoboa jiwe nikapiga pete ya chuma, ipo mpaka leo, njoo uivute. Upande wa Ketill ni changarawe, kwa hiyo yeye alichimba shimo akamimina bonge la zege na pete yake ndani. Vuli ya 1957, siku ya kwanza ya kuvusha kondoo, akaingia sandukuni yeye na madume wawili, kwa kuwa mfalme wa mlima ndiye hutangulia. Alipofika katikati, pete ya upande wake ikang'oka na zege lake lote. Sanduku likaanguka kwenye mawe. Dume mmoja alichukuliwa na maji. Ketill alivunjika nyonga, na tangu hapo hakupanda farasi tena.

Jumapili iliyofuata tulikuwa zizini tukigawana kondoo, kila mtu na alama zake za masikio, watu wamejaa. Waliniuliza kulikoni. Nikasema, mwamba wangu umeshika, zege la Ketill halikushika, ng'ambo ya pili hawajui kushika kitu. Wakacheka kidogo. Mwaka uliofuata walinichagua mimi.

Ndiyo hivyo. Ni neno zito lakini zege nalo lilikuwa zito, na liling'oka.

Sasa Ketill anauza Bakki. Mkewe Jórunn alikufa miaka sita iliyopita, na yeye kwa magongo hawezi tena kazi ya bandani. Atahama Mei mwishoni, siku za kuhama za kila mwaka, aende nyumba ya wazee huko kwenu mjini.

Babu yako,
Ásmundur


Akureyri, 20 Februari 1979

Babu,

Nimefanya hesabu yako mara tano, na mara ya sita nikamwonyesha mwalimu. Nitakueleza kama nilivyoelewa, kwa ndoo ya maziwa.

Wewe na mama mkibeba ile ndoo kubwa mmesimama karibu, mikono imeelekea juu, kila mmoja anabeba nusu na hakuna anayelalamika. Sasa kila mmoja arudi nyuma hatua mbili. Ndoo ni ileile lakini mikono inauma, kwa sababu sasa mnavutana ninyi kwa ninyi kuliko mnavyoivuta ndoo juu. Waya ni hivyohivyo. Uzito unavuta chini, na kinachoushikilia ni ule mvuto mdogo wa waya unaoelekea juu. Waya ukiwa umelala karibu kunyooka, sehemu hiyo ya juu ni ndogo sana, basi waya hauna budi kuvuta kwa nguvu za ajabu ili hako kasehemu katoshe.

Kwa waya ulioshuka mita tatu, ambazo mwalimu anasema ndizo za kawaida kwa upana huo, mzigo wako ungevuta kila upande kwa tani moja na nusu. Kwa nusu mita, babu, ni tani tisa. Kila upande. Mwamba wako na zege la Ketill vilivutwa sawasawa.

Mwalimu Ísleifur alitazama karatasi akapiga mluzi. Akasema, "Zege lililovumilia hata nusu ya hizo ni kazi ya fundi. Huo waya nani kaukaza hivyo?"

Nani aliukaza, babu?

Sólrún


Hvammur, 1 Machi 1979

Sólrún,

Kalamu iliteleza. Mkono wa mzee. Haikuwa nusu mita, ilikuwa mita tatu. Andika tatu.

Na hao walimu wakae na miluzi yao. Mimi nimetundika waya, yeye ametundika nini, koti?

Kondoo jike mwenye madoadoa ana mimba ya mapacha.

Ásmundur


Akureyri, 14 Machi 1979

Babu mpendwa,

Nilijua lazima kuna kosa! Usiku ule nilipoona tani tisa niliwaza mambo mabaya juu yako, naomba radhi. Kwa mita tatu kila kitu kimekaa sawa, tani moja na nusu, ambazo bonge la zege la ukubwa ule lilipaswa kuzishika bila taabu. Kwa hiyo nimemalizia insha hivi: "Waya ulikuwa umetundikwa vizuri. Chanzo cha ajali kilikuwa zege bovu la Ketill Ormsson wa Bakki."

Nimepata tisa! Mwalimu ameibandika ukutani karibu na chumba cha kulia, pamoja na mchoro wangu wa sanduku na madume wako.

Kuna jambo moja dogo. Védís, msichana wa darasa la juu, ni mjukuu wa dada yake Ketill, sikujua. Jana alisimama mbele ya insha akaisoma mpaka mwisho. Nikamwambia pole. Akaniambia, "Pole ya nini? Kwetu tumeambiwa hivyo maisha yetu yote." Tangu hapo hakai meza yetu.

Lakini ukweli ni ukweli, sivyo babu?

Sólrún wako wa tisa kwa kumi


Hvammur, 22 Aprili 1979

Mjukuu wangu,

Umeniandikia mara mbili tena na sikukujibu, na Pasaka ulipokosa kuja kwa sababu ya theluji nilishukuru theluji. Mama yako nilimwambia mkono unaniuma. Mkono hauniumi.

Insha yako ilinikalia kifuani. Kwanza nilikasirika, nikasema karatasi haipimi kitu, nitapima mwenyewe. Bandani kuna nguzo mbili, mita nne kati yake. Nikafikiri, nitafunga kamba nguzo hadi nguzo, kila mwisho niweke mizani ya ndoano ile ya kupimia wanakondoo, katikati nitundike jiwe la kilo ishirini. Nione kama wewe na Ísleifur mna akili kuliko mimi. Lakini mizani ninayo moja. Ya pili iliyo karibu iko Bakki.

Mto ulikuwa bado umeganda. Nikavuka kwa miguu. Ketill alinifungulia, sweta lina matundu viwikoni, jikoni masanduku ya kuhamia.

"Mizani ya nini," akasema, "na kondoo hawajazaa?"

"Ya kupimia kamba."

"Kamba hupimwa kwa pima, Ási."

"Hii naipima kwa kilo."

Akacheka. "Kumbe umezeeka vibaya kuliko mimi!" Akaitungua ukutani, akaifuta kwa mkono wa sweta, akanipa. Hakuuliza lingine. Akanisindikiza na magongo yake mawili mpaka ukingoni, akanionyesha barafu ilipokuwa nyembamba, nisije nikatumbukia. Mimi! Ananihofia mimi nisitumbukie.

Nikafunga kamba. Kwanza niliilegeza sana, mizani zote mbili zikasoma kumi na tano. Nikaikaza kidogo, ishirini. Nikaikaza, thelathini. Jiwe ni lilelile, sikuligusa. Nikaikaza tena, na kamba ikiwa bado na tumbo la karibu dhiraa nzima, mishale yote miwili ikafika hamsini ikagota, haina pa kwenda. Yangu na ya Ketill, zimesoma sawasawa kama mapacha. Nikakaa kwenye nyasi kavu. Kondoo wananitazama wanatafuna.

Sólrún, namba ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya kweli. Nusu mita.

Tulipoutundika, Ketill aliuacha na tumbo. Mita tatu, alizipima yeye. Wiki hiyo tulikuwa duka la ushirika tunakunywa kahawa, mtu mmoja wa bonde la pili akasema, "Waya wenu, Ásmundur, una tumbo kama jike mwenye mapacha! Utazaa lini?" Duka zima likacheka. Ketill naye akacheka, akasema, "Cheka tu, bwana, waya usio na tumbo haubebi." Yeye alicheka ikaisha. Mimi haikuisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimetangaza kila zizi kwamba naweka waya.

Jumapili, Ketill akiwa kanisani na Jórunn, nilichukua winchi ya trekta nikaukaza waya mpaka ukalia ukiupiga kwa kidole. Peke yangu. Nikarudi nyumbani nikala nyama ya moshi na viazi, nikalala vizuri. Watu wakaja Jumatatu kuutazama.

Jumanne asubuhi Ketill alikuja ukingoni kwangu, akautazama. Akasema, "Nani kaukaza huu?"

Nikamwambia, "Baridi. Chuma husinyaa kwa baridi."

Kulikuwa na jalidi asubuhi ile, umande umeganda, hivyo ilifanana na kweli. Akanitazama, akasema, "Basi baridi ya mwaka huu ina mikono." Akaingia sandukuni. Aliniamini, Sólrún. Alinitania, na bado aliniamini.

Hilo sijamwambia mtu. Bibi yako Hallfríður alikufa bila kulijua, au labda alijua, kwani hakuniuliza hata mara moja kuhusu siku ile, na yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Wamesema uso umeumbwa na haya. Wangu niliufunika kwa ndevu.

Nimekupa uongo ukautia sahihi yako ukaubandika ukutani. Hilo ndilo lililoniangusha chini kuliko yote. Ya 1957 nilikuwa nimeyazoea.

Babu yako


Akureyri, 30 Aprili 1979

Babu,

Insha nimeing'oa ukutani. Nimemweleza mwalimu namba zilikuwa si za kweli, sikumwambia kwa nini. Tatu yangu imerudi. Védís nimemtafuta nikamwambia, "Haikuwa zege." Akauliza nimejuaje. Nikashindwa kumjibu, kwa sababu jibu si langu.

Nilikaa na barua yako siku tatu. Nakupenda, na nimekuonea haya, na vyote viwili vinanivuta kwa pamoja.

Lakini umeniandikia mimi. Mimi sikuvunjika nyonga.

Sólrún


Bakki, 22 Mei 1979

Ásmundur,

Barua yako ya kurasa mbili nimeipata. Mwandiko wako ni mbaya lakini nimeusoma wote.

Nikwambie nilichokuwa nafikiri miaka hii yote. Nilifikiri ni mchanga. Nilipomimina zege, Jórunn aliniambia niuoshe mchanga wa mtoni kwanza, una udongo. Nilikuwa na haraka, nikauosha nusu. Nusu nyingine sikuiosha. Nilipolala hospitali Akureyri nilikuwa nauona huo mchanga. Ulipolisema lile neno zizini, mimi sikukukasirikia, maana nilidhani unasema kweli na umenihurumia hukusema zaidi. Kila aliyeniomba nimsaidie kujenga nilimkatalia. Wanangu wawili niliwaambia wasinirithi ufundi, wakaenda zao baharini, ndiyo maana leo Bakki haina mtu.

Jórunn alikufa akiamini mumewe alivunjika kwa uvivu wa kuosha mchanga. Hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu. Hilo, Ásmundur, huwezi kunirudishia.

Unasema samahani. Umeiandika ndani ya bahasha, ukaibandika kwa gundi. Lile neno la zizini hukuliweka kwenye bahasha.

Nahama Alhamisi ya tarehe thelathini na moja.

Ketill Ormsson


Hvammur, 29 Mei 1979

Mjukuu wangu Sólrún,

Barua ya Ketill niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Siku tano sikupata la kufanya. Zizini watu hawakusanyiki mpaka Septemba, na Septemba Ketill hatakuwapo. Nilifikiri kanisani, lakini kanisani siku hizi tunafika watu wanne na mmoja ni kiziwi.

Jana baada ya kukamua nilikaa jikoni naitazama simu. Nikasema, mjinga wewe, miaka yote unaikimbia.

Nikauzungusha mkono wa simu kwa mlio wa kuita Bakki, mmoja mrefu, miwili mifupi.

"Bakki," akasema.

"Ni Ásmundur."

Nikasikiliza kwanza. Tik. Huyo Gudda. Tik. Tik. Unajua mlio ule, mkonga ukiinuliwa. Nikahesabu mpaka sita. Ukitoa zetu mbili, nyumba zilizobaki ni saba.

Anayekosa ni mzee wa Skard, hasikilizi simu za watu, basi nikasema, "Gudda, mzee wa Skard hayumo. Mtume mtu mbio amwambie ainue."

Gudda maisha yake yote hajawahi kukiri kwamba yumo kwenye laini. Halafu kasauti kadogo, "Ngoja basi."

Tukangoja. Robo saa, nyumba sita na sisi wawili, zinasikika pumzi tu. Sijawahi kusimama mahali pagumu hivyo na nimesimama pengi. Ningeweza kuiweka simu chini. Mkono ulitaka. Halafu tik ya saba.

Nikasema, mimi ni Ásmundur wa Hvammur, na zege la Ketill lilikuwa zima. Waya niliukaza mimi Jumapili kwa winchi, Ketill yuko kanisani, kwa sababu nilichekwa dukani. Waya aliouacha yeye ungevuta tani moja na nusu. Nilioukaza mimi ulivuta tani tisa, kahesabu mjukuu wangu, na nimehakiki kwa mizani. Neno nililosema zizini lilikuwa la uongo. Ufalme wa mlima niliupata kwa uongo huo, na kuanzia leo nauacha, chagueni mwingine. Nikadhani nimemaliza.

Ketill akasema, "Na baridi."

Nilikuwa nimeiruka, Sólrún. Sikukusudia, au nilikusudia, sijui. Ulimi uliipita kama farasi anavyopita shimo alilowahi kuanguka.

"Waambie baridi, Ásmundur."

Basi nikawaambia. Kwamba aliniuliza, na nikamjibu baridi, naye akaingia sandukuni kwa neno langu. Nikasikia mtu anavuta pumzi, nadhani mzee wa Skard. Ningependa wangenitukana.

Ketill akauliza, "Na mchanga?"

"Mchanga haukuwa na kosa. Zege lako halikukubali kung'oka mpaka tani tisa."

"Rudia."

"Tani tisa, Ketill."

"Rudia, Gudda hakusikia."

"Nimesikia," akasema Gudda, analia.

"Rudia hata hivyo."

Nikarudia. Hakuna hata mmoja aliyeweka mkonga chini. Mwishoni Ketill akasema, "Mizani yangu bado unayo."

"Ninayo."

"Ilete kabla ya Alhamisi." Akakata.

Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na mdomo wa kumuuliza. Leo gari la maziwa lilipopita, dereva, ambaye kila siku hupiga honi akasema habari mfalme, alipakia makopo akaondoka. Nilijua itakuwa hivi. Sikujua itauma hivi.

Ulisema mwalimu wako kakufundisha kwamba kutulia si kukosa kuvutwa. Mpe salamu. Mwambie kuna mzee alilijua hilo miaka ishirini na miwili bila kwenda shule, ila hakujua kwamba lina hesabu yake. Andika upya insha yako, namba sasa unazo, na jina la kuandika ni langu. Ásmundur Brandsson wa Hvammur. Liandike lote, na uibandike palepale.

Mizani nimeisugua kutu, nimeipaka mafuta ya kondoo. Barafu imekwisha na mto umejaa, kwa hiyo kesho nitazunguka kwa daraja la juu, kilomita kumi na nne kwenda, na nitakwenda kwa miguu. Nitagonga mlango. Akiipokea mlangoni au akinionyesha kwa gongo niitundike kwenye kitasa nirudi, vyote sawa. Nitasimama hapo mpaka aseme.

Babu yako,
Ásmundur